Fundi wa Swali la Pili

Ukitoka Dadaab ukashika njia ya kusini, kupitia Fafi hadi Ijara, unaingia nchi ya hirola. Ni mnyama wa ukoo wa kongoni, rangi yake ya mchanga, macho yamezungushiwa mstari mweupe mithili ya miwani. Katika jenasi yake amebaki peke yake duniani. Miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu. Leo hawafiki 500.

Katikati ya miaka ya 1980 sotoka iliwafagia ng'ombe na hirola pamoja. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha. Mifugo ilishaongezeka tena, hirola hakurudi. Wengi walitosheka na jibu la kwanza: sotoka, simba, majangili. Dkt. Abdullahi Hussein Ali, mwana wa Garissa, akauliza swali la pili: maradhi yameondoka, mbona mnyama harudi?

Hapo ndipo ninapousifu ufundi wake. Aliwavisha hirola kola za GPS, akafuatilia wanapolisha na wanapokwepa. Akalinganisha picha za setilaiti za mwaka 1985 na za 2012, akakuta miti katika makazi yao ya asili imeongezeka kwa asilimia 251. Hirola hula nyasi, na kichakani hakai. Tembo waliokuwa wakiangusha miti waliuawa kwa ajili ya pembe. Miti ikafunga mbuga, nyasi zikafa kivulini. Bunduki iliyomwua tembo ilimnyima hirola malisho.

Jibu kama hilo halifai kitu likibaki kwenye jarida, bila wenye ardhi kushirikishwa. Mwaka 1996 serikali ilipotaka kuwahamishia hirola Tsavo, wananchi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kupinga. Walikuwa wamesema jambo zito: mnyama huyu ni wetu, tuulizeni. Penye wazee haliharibiki neno. Mwaka 2012 hirola 48 waliingizwa kwenye uzio wa Ishaqbini, katika hifadhi ya jamii yenyewe. Ali naye aliwaendea wafugaji na tiba kadhaa mkononi, akawauliza wanaitaka ipi. Waliunga mkono zaidi kulinda tembo na kupanda nyasi. Leo shirika alilolianzisha linapanda nyasi hizo pamoja na wafugaji, na mwaka 2020 alitunukiwa Tuzo ya Whitley ya uhifadhi.

Mwanasayansi wa namna hii ana masikio mawili: moja kwa mnyama, moja kwa mwenye ardhi. Akikosa la kwanza, sera yake ni maneno matupu. Akikosa la pili, ukweli wake hauna wa kuutekeleza.

Vijana wa Dadaab na Fafi, wengi wenu mmekulia nyuma ya mifugo. Mnajua nyasi ipi ng'ombe huikimbilia, na ipi imeadimika tangu utoto wenu. Hiyo ni sayansi isiyoandikwa bado. Iandikeni, kisha ulizeni swali la pili.