Lilikuja au Alikuja?

Kila ninapomsimulia mtu riwaya ya Frankenstein kwa Kiswahili, ulimi hukwama mahali pale pale. Niite zimwi, niseme lilikuja? Au niite kiumbe, niseme alikuja? Victor Frankenstein, aliyemuumba kisha akamkimbia usiku ule ule alipofumbua macho, hana shaka: kwake ni zimwi, ni shetani, na hata jina hakumpa. Mary Shelley, aliyeianza kazi hii mwaka 1816 kando ya Ziwa Geneva akiwa na miaka 18, anatuacha tumwamini Victor kwa kurasa nyingi. Halafu, katikati kabisa ya kitabu, anamnyamazisha na kumpa kauli yule anayechukiwa.

Wanakutana kwenye barafu ya milima ya Alps. Victor ameshampoteza mdogo wake, William, na Justine, mtumishi wa nyumbani kwao asiye na hatia, ameshanyongwa kwa mauaji hayo. Victor alimjua muuaji, akanyamaza. Kiumbe anamziba macho kwa viganja vyake: kama sura yangu inakuchukiza, basi nisikilize tu. Ishara hiyo moja ndiyo ufundi wote wa mwandishi. Nasi tunazibwa macho, tunabaki na sauti.

Na sauti hiyo inatueleza habari za kuni. Alijificha kibandani, ubavuni mwa nyumba ya mzee De Lacey, akiwachungulia wenyeji kupitia ufa mwembamba. Mwanzoni aliwaibia chakula. Alipotambua kwamba wao wenyewe wana njaa aliacha, akawa anakula matunda ya mwituni na mizizi. Usiku alichukua zana za kijana wao, Felix, akaenda msituni kukata kuni. Asubuhi Agatha, dada yake Felix, anafungua mlango na kukuta lundo la kuni nje, anaduwaa. Mimi hapo ndipo "lilikuja" huniishia kinywani.

Siku anapojitokeza, anamchagua mzee, kwa sababu mzee ni kipofu. Wanazungumza kama mgeni na mwenyeji. Kisha Felix anaingia, anaona, anainua fimbo.

Shelley hamsafishi. Mkono uliomponza Justine ulikuwa wa kiumbe huyuhuyu: ndiye aliyemtilia mfukoni picha iliyotoka shingoni mwa William. Baadaye anamuua Clerval, rafiki wa Victor, na Elizabeth, mke wa Victor, usiku wa harusi yao. Tunayajua yote haya, na bado hatuwezi kuirudisha ile "li". Kulibeba hilo, huruma na damu kwa pamoja, bila kumpunguzia msomaji uzito hata kidogo, ni kazi ngumu kuliko kutisha.

Katika kurasa za mwisho, ndani ya meli iliyokuwa imenaswa na barafu ya kaskazini, nahodha Walton anamkuta kiumbe ameinamia maiti ya Victor, aliyefia huko akimwinda. Victor alimwachia Walton wosia wa kumuua kiumbe huyo. Walton anaiona ile sura, anafumba macho bila kutaka, kisha anamwita abaki.