Inakula Ngapi? Hesabu ya Dizeli Kati ya Isiolo na Timau

Muulize mwenye gari la dizeli mjini Isiolo linakula kiasi gani, naye atakutajia namba moja, tuseme kilomita 12 kwa lita. Namba hiyo haina maana mpaka aseme alikuwa akielekea wapi. Isiolo iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukishika njia ya Nanyuki, barabara inapanda kupitia Subuiga na kuvuka mita 2,400 kabla ya Timau. Ukienda Archers Post na Merille, inateremka polepole.

Chukua Peugeot 504 ya dizeli, ile stesheni wagoni ya viti vya safu tatu iliyobeba abiria wengi wa Kenya kabla ya Nissan kutawala steji. Injini yake ya XD2 ina silinda nne, cc 2,304 na nguvu za farasi 70, bila turbo. Mafuta hayapulizwi moja kwa moja juu ya pistoni. Huanza kuwaka ndani ya kichumba kilicho kando, kisha moto ndio unaotoka kuisukuma. Ndiyo maana pampu yake haihitaji presha ya kutisha wala nozeli zake hazichagui sana. Lakini joto jingi hupotelea kwenye kuta za kichumba hicho. Ikifanya kazi vizuri, asilimia 30 hivi tu ya nishati ya mafuta ndiyo inayogeuka kuwa mwendo.

Sasa tupande. Gari na abiria na mizigo, tani mbili. Kuziinua mita 1,300 kunahitaji megajuli 25 na nusu. Lita moja ya dizeli ina megajuli kama 36, na kwa asilimia 30 tunapata kama 11. Kwa hiyo mlima peke yake unadai lita mbili na theluthi, mbali na mafuta ya kusukuma upepo na kuzungusha tairi. Gari la kilomita 12 kwa lita kwenye tambarare, kwa mpando wa kilomita kama 50, linashuka chini ya kilomita 8. Halijaharibika.

Moshi mweusi unaouona karibu na kilele una sababu yake pia. Huko hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, ilhali pampu ya zamani hupeleka mafuta yale yale. Yasiyopata hewa hutokea kwenye ekzosi. Turbo huziba sehemu kubwa ya pengo hilo, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuilipia, kuliko mbio.

Wakati wa kurudi, madereva wengi huweka frii kuanzia Subuiga wakidhani wanaokoa. Ni kinyume. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, pampu hukata kabisa. Kwenye frii injini inaendelea kunywa ili isizime, na breki zinabeba tani mbili peke yake.

Kaskazini hadithi ni nyingine. Lami ya kwenda Moyale imeondoa mawe na mawimbi ya vumbi yaliyokuwa yakivunja spring, lakini imeleta mwendo kasi. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, ukinzani wa upepo unakaribia mara mbili, na ukiwa na keria iliyojaa magunia, faida ya mteremko inaishia hapo.

Kuna pia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, mchezo ulioifanya serikali itoze mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Injini ya zamani itawaka tu, ila pampu inayolainishwa na dizeli yenyewe italiwa ndani kwa ndani.

Anayetaka namba ya kweli apime kwenda na kurudi, na ajaze kwenye pampu ile ile, gari likiwa limesimama pale pale. Dizeli hutoa povu, na bomba hujikata kabla tangi halijajaa. Asubiri povu litulie, aongeze taratibu hadi mafuta yaonekane shingoni, ndipo asome mita.