Mgeni Aliyekuja Kucheza: Maoni juu ya Hotuba ya Padre Illich

Kila mwaka shule za Ulaya na Amerika zinapofungwa, vijana wengi hufunga mizigo yao kuja Afrika kwa majuma machache. Hawaji kufanya biashara wala kuwinda. Waja kucheza na watoto. Huleta mipira, kamba, rangi na karatasi; tena hupaka chokaa ukuta wa shule, au husaidia kuchimba msingi wa nyumba ya mikutano ya kijiji. Wazee huwapokea kwa heshima, watoto huwakimbilia, na siku ya kuagana machozi hutoka pande zote mbili. Je, kazi hii ni njema? Wako wasemao kwamba kuuliza hivyo ni utovu wa shukrani. Sisi twaona sivyo. Kazi ifanywayo kwa jina la upendo yahitaji kupimwa kuliko nyingine zote, maana aliyeifanya na aliyefanyiwa wote wawili huona haya kuitaja kasoro yake.

Padre mmoja hakuona haya. Leo twataka kuipima hotuba yake, nasi tumesimama si Meksiko alikoitoa, bali Buleusa, kijiji cha Ikobo kaskazini ya Walikale, katika Kivu ya Kaskazini.

Ivan Illich alizaliwa Vienna mwaka 1926. Alipokwisha kupata upadre alitumwa New York, akafanya kazi kati ya maskini waliotoka Puerto Rico; kisha akahamia Puerto Rico kwenyewe. Mwaka 1961 alianzisha Cuernavaca, katika Meksiko, chuo cha kuwafundisha wageni, hasa wamisionari, lugha na desturi za watu waliotaka kuwatumikia. Tarehe 20 Aprili 1968 alisimama mbele ya wanafunzi wa Marekani waliozoea kwenda vijijini mwa Meksiko kila likizo ili kusaidia. Walitazamia baraka, wakapata bakora. Hata jina ambalo hotuba hiyo hujulikana kwalo ni kali. Kwa Kiswahili tungesema: nia njema na ziende motoni.

Hoja zake ni tatu. Ya kwanza: ninyi wenyewe mwajua kwamba msaada wenu ni kidogo mno, lakini mwaendelea kuja, huo ni unafiki. Ya pili: hamjui lugha, kwa hiyo hamwezi hata kufahamu maskini wasemavyo juu yenu, ingekuwa afadhali mkawatumikie maskini wa mji wenu, ambao wanaweza kuwafukuza kwa maneno mtakayoyaelewa. Ya tatu: mtake msitake, ninyi ni wachuuzi wa maisha ya kitajiri ya kwenu, nanyi mwawaonyesha maskini vitu ambavyo hawatavipata kamwe. Hapo ataja jambo moja la kuchekesha na kuumiza pamoja. Serikali ya Marekani, asema, hutumia kama dola 10,000 kwa kila kijana wa jeshi lake la amani ili asishtuke akikutana na desturi ngeni. Lakini hakuna aliyewaza kutumia hata senti moja kumwandaa maskini asishtuke akikutana na kijana huyo. Mwisho awaambia: njoni mtazame milima na maua, njoni mjifunze, ila msije kusaidia.

Hotuba hii yasomeka upesi, nayo yakata kama wembe. Nguvu yake yatoka hapa: msemaji mwenyewe alikuwa padre na mgeni, akisema na ndugu zake. Hakuwatukana akiwa mbali. Tena alifahamu kwamba mtu mwenye nia njema ni mgumu kuonywa kuliko mwenye nia mbaya.

Basi tuilete Buleusa, tuone inashika wapi.

Januari 2016 watu waliuawa usiku kule Miriki, upande wa Lubero, si mbali na nchi ya Ikobo. Uchungu kati ya Wakobo, Wanande na Wahutu ukazidi. Mwaka uo huo jamaa za Kihutu zilizokuwa zimekimbia zikataka kurudi Buleusa. Majirani wakawakataa, nazo zikajibanza karibu na kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa. Mahali pa namna hiyo mchezo wa watoto si jambo dogo. Kumwambia mtoto amrushie mwenzake mpira ni kumtaka afanye jambo ambalo baba yake bado hajaliweza.

Tuseme sasa wageni kumi wafika na mipira yao mahali kama hapo. Wapiga filimbi, na watoto mia mbili waja mbio. Wageni wafurahi, wapiga picha, waandika nyumbani kwamba watoto wamepatana. Lakini ni watoto gani hawakuja, na kwa nini? Ni neno gani kijana mkubwa amemnong'oneza mdogo wakati wa kuchagua timu? Huko mtu ahitaji Kiswahili, na tena masikio ya Kinande, Kinyanga na Kinyarwanda. Mgeni wa majuma matatu hana hata moja. Aona kicheko tu, naye afikiri kicheko ndiyo amani. Hapo hoja ya pili ya Padre Illich yapata nguvu mara kumi, kwa maana kijiji alichokifikiria yeye kilikuwa maskini tu, bali hiki kimepasuka.

Liko jambo jingine ambalo hotuba haikuligusa. Mtoto aliyekimbia vita amekwisha kupotewa na nyumba, na labda na mzazi. Aja mgeni, amshika mkono, ajifunza jina lake, amfanya kipenzi chake. Baada ya majuma matatu gari laondoka. Mgeni alia barabarani, kisha afika kwao na kumbukumbu nzuri. Mtoto abaki ameachwa mara ya pili, na mara hii na mtu aliyemwambia kwamba anampenda. Twasema wazi: hata mipira mia haitoshi kulipa deni hilo.

Wala tusifikiri kwamba watoto wa Kivu wangojea mgeni awafundishe kucheza. Watoto wa Masisi na wa Lubero huchonga chukudu ndogo za mti, wakaiga zile kubwa ambazo baba zao huteremshia mizigo milimani. Husokota mpira kwa mifuko ya plastiki na kamba za migomba. Wasichokuwa nacho ni uwanja usio na hofu, na mtu mzima atakayekuwapo kesho na kesho kutwa. Nabii Zakaria alipotaka kuonyesha Yerusalemu uliorudishiwa amani, alitaja wazee waliokaa na fimbo zao, na wavulana na wasichana wakicheza katika njia za mji. Mchezo wa watoto aliutaja kuwa alama ya amani, wala si pambo lake.

Mpaka hapa tumekwenda pamoja na Padre Illich. Sasa twaachana naye.

Kosa la hotuba yake ni kwamba yawaona watu wawili tu: mgeni mwenye nguvu na maskini asiye na sauti. Kwa hiyo shauri lake ni moja, mgeni atazame tu. Lakini watu wa Walikale wametazamwa vya kutosha. Wametazamwa na maofisa wa ukoloni, na wachimba madini, na wapiga picha. Tena yeye mwenyewe alikuwa mgeni Meksiko, wala hakukaa kutazama maua, alifungua chuo. Yaani alijua, ingawa hakusema, kwamba iko njia ya tatu.

Njia hiyo yasimuliwa katika Injili ya Luka. Twamkumbuka daima Msamaria, twamsahau mwenye nyumba ya wageni. Msamaria hakukaa na yule mjeruhi siku zote. Alikuwa msafiri, akaondoka kesho yake. Lakini kwanza alimtafuta mwenyeji, akampa dinari mbili, akaahidi kulipa kilichozidi atakaporudi. Usiku mmoja ulikuwa wa Msamaria. Siku zote zilizofuata zilikuwa za mwenyeji. Aliyemwuguza ni yeye. Katika hotuba ya Padre Illich mtu huyu hayupo, nasi twaona kwamba bila yeye hukumu yote yapinda.

Wako wageni waliomjua mwenyeji huyo. Katika nchi ya Wanyanga, huko huko Walikale, alifika zamani za Wabelgiji mtaalamu Daniel Biebuyck. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke alimwimbia habari za Mwindo kwa siku kumi na mbili, naye akakaa, akasikiliza, na kila neno likaandikwa. Kitabu kilipotoka mwaka 1969 kilikuwa na majina mawili juu yake: la Biebuyck na la Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga. Mgeni huyo alikuja kujifunza, kama Padre Illich alivyotaka. Lakini kilichofanya kazi ibaki ni mwimbaji aliyetoa hazina yake na mwenyeji aliyeifasiri.

Na huko Goma, Wasalesiani wana nyumba yao ya Ngangi. Don Bosco alianza Torino kwa kuwakusanya wavulana wa mitaani wacheze uani, akaufanya ua kuwa mlango wa darasa na wa kanisa. Ngangi nako wageni wa kujitolea wamefika na kuondoka, lakini nyumba haikutegemea kuja kwao. Novemba 2012 waasi wa M23 walipouteka mji, maelfu ya waliokimbia walipata kimbilio ndani ya ua uo huo wa michezo. Mtu mwenye hofu hukimbilia mlango anaoujua.

Kisha ikaja Januari 2025. M23 waliuteka Goma tena, na mashirika mengi yakawahamisha wageni wao. Machi mwaka uo huo vita vilifika Walikale mjini. Hatuwalaumu walioondoka, aliyeamriwa kuondoka huondoka. Lakini mtoto aliyetaka kucheza siku ile alimkuta nani? Alimkuta mwalimu wa kijiji, katekista, mama wa jumuiya, kijana mwenye filimbi shingoni. Kama fedha na mafundisho ya miaka iliyopita yaliwafikia hawa, mchezo uliendelea. Kama yaliishia katika nauli na picha, uwanja ulibaki mtupu.

Basi twatoa kipimo chetu, wala si kigumu. Kila chama kinachotaka kuleta vijana wacheze na watoto wetu na kiulizwe maswali manne. Nani wa kijiji atashika filimbi mtakapoondoka, naye mtamfundisha nini na kumlipa nini? Je, mtu huyo ndiye atakayewaambia mje lini na mfanye nini, au ninyi mtamwambia? Kijana wenu amejifunza Kiswahili kiasi gani kabla ya kupanda ndege? Na nauli yake je, haingetosha kumpa mlezi wa Buleusa posho ya miezi mingi? Chama kitakachojibu vema kije, nacho kitapata chai. Kisichoweza kujibu na kitume dinari zake mbili, kibaki kwao kikiwaombea watoto.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Padre Illich alilisahau neno la kwanza. Sisi mara nyingi, kwa haya na kwa tamaa ya zawadi, twalisahau la pili. Tusiogope kumpa mgeni jembe, na kumwonyesha shamba ni la nani. Akikubali kulima chini ya mwenye shamba, huyo si mchuuzi tena, ni ndugu. Naye siku atakapoondoka watoto watampungia mkono, kisha watageuka na kuendelea na mchezo wao, maana mwenye filimbi yupo.