Waliachaje Tuta?

Kuacha barabara ya tuta baada ya mvua ya usiku kucha, bondeni Kilombero, ni kosa lisilo na utetezi. Mliofuatilia msafara wa baiskeli wa rafiki zetu, kutoka Mikumi kuelekea Mahenge, mliziona picha: baiskeli zimelazwa kando ya majaruba, rimu hazionekani kwa tope.

Siku za mwanzo walikwenda vizuri, Mikumi hadi Ifakara, Udzungwa mkono wa kulia, hakuna aliyeachwa nyuma. Daraja la Magufuli, lile la mita 384 lililofunguliwa 2018, walilivuka alfajiri, kama inavyotakiwa.

Ng'ambo, kuelekea Lupiro, kiongozi akatazama simu. Njia ya mashambani ilionekana fupi, akawageuza wote. Pale njia panda palikuwa na vijana wa bodaboda na mama muuza maandazi. Hakuna aliyeulizwa. Hili la kuamini ramani kuliko mwenyeji nimelipigia kelele miaka yote na sitaacha.

Udongo mweusi wa mbuga ukikauka hupasuka. Ukinywa maji huvimba na kunata. Tairi haiukanyagi tu, inauokota. Kila mzunguko unaongeza tabaka, tabaka linashika nyasi na makapi ya mpunga, mpaka nafasi kati ya tairi na uma inajaa. Penye madigadi hujaa upesi zaidi, nao wote walikuwa nayo. Gurudumu likishakwama, shuka ukwangue. Wao waliongeza nguvu. Nguvu ile ikaenda kwenye mnyororo, mnyororo ukauvuta mkono wa gia wa nyuma, mkono ukaingia kwenye spoku. Baiskeli mbili zikafa palepale.

Kisha kosa likazaa kosa: wakapunguza upepo. Kwenye mchanga ningewaunga mkono, maana tairi pana haizami. Kwenye mfinyanzi, tairi iliyotanuka inabeba udongo mwingi zaidi. Na karia za nyuma zilivyojazwa mizigo, hata kuibeba baiskeli begani haikuwezekana.

Bonde hili hufurika kila masika, ndiyo sababu barabara ikainuliwa. Wabeba samaki na mpunga kwa baiskeli wa enzi za kivuko, kabla ya daraja, walilijua hilo. Baiskeli zao za Phoenix zilikuwa na gia moja, hazikuwa na mkono wa kuvunjika. Madigadi waliyang'oa mvua zilipoanza. Tuta likizunguka, nao walizunguka nalo. Lisipokuwepo, walishuka wakasukuma, na gunia liko nyuma. Hawa wa leo wana vyuma vyepesi na gia nyingi, lakini kwa uamuzi wa njia hawawafikii wazee wale, na nitalisema hilo mbele ya yeyote.

Kilichofuata ni lori la mpunga kuwabeba, na mlima wa Mahenge, kipimo halisi cha safari nzima, wakaupanda wamekaa juu ya magunia. Miguu walikuwa nayo. Kwa mwendo waliouonyesha hadi Ifakara, wangefika juu.

Kuna mmoja wao aliyesema warudi barabarani kabla tope halijafika kwenye vitovu vya magurudumu. Alinyamazishwa kwa kuwa ndiye mdogo na baiskeli yake ndiyo ya bei rahisi. Safari ijayo aongoze yeye.