Ngoma Inapomeza Neno

Hapa Goma, mtu akisema "atelie ya vijana", kila mmoja anajua ni nini: viti vya plastiki, makaye, mwalimu wa kuandika, kisha mpiga gitaa ao mtu wa kompyuta mwenye biti yake. Vijana wanaandika siku chache, halafu maandiko yao yanatiwa muziki na kuimbwa mbele ya watu wa kartie. Kazi hiyo tunaipenda. Mji uliopitiwa na moto wa Nyiragongo mwaka 2002, tena 2021, bila kuhesabu vita, uko na mambo ya kusema, na ni vizuri batoto bayaseme wenyewe. Lakini tukiisha kupiga makofi, tuseme na kile masikio yetu yanasikia: mara nyingi andiko linakufa pale muziki unapoanza.

Ni kwa sababu biti njo inakuja kwanza. Tuseme kijana wa Ndosho ameandika sentensi ndefu juu ya baba yake anayesukuma chukudu yenye mabido ya maji. Mtu wa stidio anamwambia: kata hapa, haiingie. Anakata. Kinachobaki ni "chukudu, chukudu", mara nne. Tena Kiswahili kiko na mahali pake pa kukazia sauti. "Barabara" ya kupita, sauti inakaa karibu na mwisho. Ukiipeleka mbele, unasema kitu kimefanyika sawasawa. Na katika Kilingala, "moto" ni mtu, ni kichwa, ni moto wa kupikia, kadiri sauti inavyopanda. Biti ya kununua haijui hayo yote.

Wazee walijua. Kule Walikale, kwa Wanyanga, msimulizi Rureke alitoa hadithi ya Mwindo mwaka 1956, siku 12 nzima. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaitoa katika kitabu mwaka 1969. Hadithi inatembea kwa maneno, wimbo unaingia pale hadithi inapouita, watu wanaitikia, kisha neno linaendelea. Vijana waliompigia msimulizi fimbo walikuwa pale pale wakijifunza kazi. Hatusemi kwamba vijana wa Birere waimbe Mwindo. Rap ni yao, na kusema kweli rap iko karibu na Rureke kuliko zile kwaya za "amani, amani" ambazo tumeshiba.

Na hizo kwaya zinatoka wapi? Mara nyingi kichwa cha habari kinafika kabla ya kijana: mfadhili anataka amani, ao ukimwi, ao uchaguzi. Chérie Rivers Ndaliko ameandika juu ya jambo hilo hapa hapa Goma, katika kitabu Necessary Noise cha mwaka 2016, akionyesha namna pesa ya misaada inavyoongoza sanaa. Kijana si mjinga. Anajua neno gani linaleta tiketi ya usafiri, na anaandika lile.

Halafu kuna masahihisho. Ameandika "maji iko mbali". Mwalimu anaweka "maji yako mbali". Kwa mtihani, sawa. Kwa wimbo, tunakataa, maana anayesikiliza anafikiri sasa kwamba ni maji yake yeye! (Sisi wenyewe, msomaji ameisha kuona, hatuandiki kama watu wa Zanzibar.)

Tumesikia mara moja namna ingine. Msichana alisoma andiko lake juu ya mstari wa robine, peke yake, mara mbili, bila chombo. Mpiga gitaa alikuwa amekaa chini, anasikiliza. Mara ya tatu akaingia na nyuzi mbili tu, na pale msichana aliponyamaza kuvuta pumzi, naye akanyamaza. Hakukuwa kiitikio. Watu wa nyuma walikuwa wanaambiana "nyamazeni, tusikie".