Nyanya za Kusafiri na Nyanya za Kuliwa

Miongoni mwa maandishi yanayosomwa kwa makini na watu wasiojihesabu kuwa wasomaji, pakiti ya mbegu ina nafasi yake. Husomwa dukani mbele ya muuzaji, husomwa tena nyumbani kwa miwani, na mbegu zikishamwagwa kitaluni pakiti yenyewe huvishwa kwenye kijiti, ikabaki pale kusomwa na mvua. Nami nimesoma nyingi. Zinazohusu nyanya zinafanana mno: ngozi imara, hukaa siku nyingi baada ya kuvunwa, huhimili safari, hustahimili mnyauko. Tafuta, msomaji, neno "tamu". Katika pakiti saba nilizoziweka kabatini halimo hata katika moja.

Huenda ukaniambia kwamba utamu ni jambo la ulimi, na kila mtu ana wake. Sikubali. Mhakiki anayetusifia kitabu kwa kusema kwamba jalada lake ni gumu na kinabebeka vizuri kwenye mkoba, tungemwuliza kama amekifungua.

Bustani yangu iko Bigwa, mguuni mwa milima ya Uluguru, na si kubwa. Kwa misimu mitatu nimepanda humo Moneymaker, Cal-J, Tanya na Tengeru 97, kila aina na tuta lake, samadi ile ile ya mbuzi, maji yale yale ya ndoo, nafasi ya sentimeta 60 kwa 50. Tuta la tano ni la vinyanya, vile vidogo vya mviringo vinavyojiotea kando ya mfereji na jalalani, ambavyo watu wengi hawavihesabu kuwa ni aina. (Tuta la sita ni la mchicha, na mwenye nyumba yangu hataki kusikia habari ya kulitoa.)

Moneymaker ni Mwingereza. Ilizaliwa kwa ajili ya vibanda vya vioo vya nchi ya baridi, na hapa kwetu bado ina tabia ya mgeni: hurefuka bila kikomo, hudai fito na kamba, na mawingu ya masika yakitanda siku tatu mfululizo bakajani huikuta ya kwanza. Ngozi yake ni laini. Ukiikata, maji hutoka na harufu hutoka, na ukali na utamu wake vimepimana. Kwa kachumbari sijaona ya kuishinda kati ya hizi nne za dukani. Jina lake linasema kwamba inaleta fedha, nalo ni jina la kuchekesha kwa nyanya inayopasuka kabla ya kufika sokoni.

Cal-J ni habari nyingine kabisa. Katika miaka ya 1960 huko California, watu wa chuo kikuu cha Davis, Jack Hanna akiwa kinara wao, walizalisha nyanya zinazoweza kuvunwa kwa mashine: mmea mfupi, matunda yaivayo pamoja, nyama nyingi, maji kidogo. Cal-J ni ya mkondo huo wa nyanya za kiwandani. Nikiila mbichi naona kama natafuna sifongo iliyotiwa chumvi. Lakini nisiidhulumu. Iweke kwenye sufuria ya mchuzi wa maharage na itakuwa rojo zito haraka kuliko nyingine zote, bila kumaliza mkaa. Aibu yake ni kuoza kitako ukimwagilia leo ukasahau keshokutwa; wengi hukimbilia dawa ya ukungu, kumbe ni chokaa ya udongoni iliyokosa maji ya kuipeleka hadi kwenye tunda.

Tanya na Tengeru 97 ndizo za nyumbani. Zilitolewa mwaka 1997 na kituo cha utafiti cha Tengeru, karibu na Arusha, na yeyote anayeandika juu ya nyanya za nchi hii bila kuwavulia kofia watafiti wale hana adabu. Udongo wa Bigwa una minyoo fundo. Ng'oa mche wa Moneymaker uliodumaa utaona mizizi imevimba kama shanga. Tengeru 97 husimama katika udongo huo huo ikiwa na majani mabichi. Tunda lake hukaa jikoni wiki mbili bila kukunja uso. Kwa mtu anayeuza, ni neema. Kwa ulimi wangu, ni nyanya isiyosema uongo na isiyosema mengi. Tanya ni ngumu zaidi, na ngozi yake hubaki kwenye meno.

Swali ni nani aliyeamua kwamba ugumu ndio ubora. Shemeji yangu analima Mgeta, kule juu ambako mboga za mjini hutoka. Nilipompelekea Moneymaker zangu aonje, alizila zote, akafuta mkono, akasema: "Tamu, shemeji. Lakini utamu hauuziki. Mchuuzi anabonyeza, haonji." Sijasikia uhakiki mfupi na wa haki kuliko huo. Nyanya ya Mgeta huteremka mlimani ndani ya tenga, juu ya barabara ambayo masika huigeuza mfereji, halafu huenda kilometa karibu 200 hadi Dar es Salaam. Tenga la chini hubeba uzito wa matenga ya juu. Nyanya inayofika imekwisha kuchaguliwa na mashimo ya barabara kabla ya mlaji kuiona. Kwa hiyo simlaumu shemeji kwa kupanda Tanya; ada za watoto hazilipwi kwa harufu nzuri. Ninachokataa ni sisi wenye matuta matano nyuma ya nyumba, ambao nyanya zetu husafiri hatua ishirini hadi jikoni, kupanda ngozi ngumu kwa sababu tu pakiti imeisifu.

Tena pakiti haisemi inazungumzia wapi. Mji wa Morogoro uko mita kama 500 juu ya bahari, na vilele vya Uluguru vinapita 2,600. Katikati hapo mna nchi kadhaa. Mwezi Januari, Bigwa usiku huwa na joto lililozidi nyuzi 21, mchana hupita 32, chavua hudhoofika na maua ya Moneymaker hudondoka kama makapi. Mwezi huo huo Mgeta aina hiyo hiyo hubeba matunda. Ikifika masika, Mgeta ukungu hukaa majanini hadi saa nne asubuhi na bakajani huchoma shamba zima kwa wiki moja.

Sasa vinyanya. Mama mkwe wangu, naye wa Mgeta, hajawahi kuvinunulia mbegu. Huchagua tunda lililoiva sana, hulikamulia juu ya karatasi ya gazeti, hulianika, hulikunja. Bega la kinyanya kibichi ni la kijani iliyokolea. Wakulima wa kisasa hawapendi bega hilo, kwa kuwa tunda huiva mabaka, na wazalishaji walilifuta ili nyanya iwe na rangi moja. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba chembe ya urithi iliyoharibiwa kwa kufanya hivyo ndiyo husaidia tunda changa kujitengenezea sukari. Mama mkwe hakuhitaji kuambiwa. Kachumbari yake ya vinyanya na ndimu inanifanya nione zile nne nilizozisifu kuwa ni mazoezi.

Lakini kuna kesi. Kantangaze, yule nondo wa Amerika ya Kusini aliyeingia Hispania mwaka 2006 na kuonekana Tanzania mwaka 2014, hutafuna majani na matunda, na vinyanya vya mferejini humpa makao wakati mashamba yamevunwa. Bwana shamba amewaambia mabinti wa mama mkwe waving'oe vyote. Ana haki yake. Shemeji amekwisha kupoteza shamba zima mara moja. Na kwa Waluguru ardhi hupita kwa upande wa mama, hivyo mabinti ndio watakaoamua, si mimi mkwe. Nimewaambia maoni yangu: vinavyojiotea ving'olewe, vichache vibaki kwenye tuta moja karibu na mlango, majani yenye michirizi yachumwe kila asubuhi na kuchomwa moto. Dada mkubwa ameniuliza nani atayachuma kila asubuhi, mama akiwa na miguu ile.

Kwa wakati huu karatasi moja ya gazeti, imekunjwa mara nne, iko kabatini kwangu pamoja na zile pakiti saba. Haina maneno juu yake ila matangazo ya vifo ya zamani. Joto likipungua, mwishoni mwa Mei, nitazimwaga mbegu zake kitaluni, mbali na Tanya.