Kiendelezi Kinachoomba Kidogo

Juni inapokaribia kuisha, mtu wa Kombewa anayekimbilia saiba kuwasilisha ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30 huketi kwenye kompyuta ambayo huenda asubuhi hiyo hiyo imefungua akaunti za HELB na eCitizen za wenzake. Kivinjari ni kimoja, viendelezi, yaani programu ndogo zinazokiongezea kazi, ni vile vile kwa wote. Kwa hiyo anayechagua kiendelezi cha usalama atazame kwanza kinaomba nini, ahadi zake zije baadaye. Chrome huonyesha ruhusa kabla ya kusakinisha, na nzito kuliko zote ni ile ya kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Mwenye ruhusa hiyo anauona ukurasa ukiwa tayari umefunguliwa: PIN ya KRA, hata nenosiri linapochapwa. Usimbaji wa HTTPS hulinda safari ya data njiani tu. Kiendelezi kimeshakaa ndani ya nyumba.

Wapo watakaosema kwamba kiendelezi chenye watumiaji wengi na sifa nzuri hakina shaka. The Great Suspender kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 mwenyewe akakiuza, mmiliki mpya akakibadilisha, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa kina programu hasidi. Hakuna aliyehitaji kubofya chochote, maana viendelezi hujisasisha kimyakimya na ruhusa uliyotoa jana humfaa mmiliki wa leo. Kisa cha Cyberhaven kinauma zaidi, kwa sababu hiyo ni kampuni ya kulinda data. Desemba 24, 2024, mfanyakazi wake alipokea barua pepe iliyojifanya imetoka kwenye duka la viendelezi la Chrome, akaidhinisha programu ya walaghai kupitia ukurasa halali wa Google. Nenosiri lake halikuibwa, na uthibitishaji wa hatua mbili haukusaidia kitu. Siku ya Krismasi toleo lenye sumu la kiendelezi chake likawafikia wateja.

Je, tusisakinishe chochote? Hapana. Matangazo ya utafutaji yanayoiga tovuti halisi ni hatari ya kweli, na Desemba 2022 hata FBI ilishauri watu watumie vizuizi vya matangazo. Kimoja kinatosha, chenye msimbo ulio wazi. uBlock Origin Lite, katika kiwango chake cha msingi, hukikabidhi kivinjari orodha ya kanuni na kukiachia kazi ya kuzuia, bila kuhitaji kusoma kurasa. Kinazuia machache kuliko ndugu yake mkubwa, uBlock Origin, na wanaolalamika wana haki. Lakini kwenye mashine ya watu wengi, upungufu huo ni bei nafuu. HTTPS Everywhere, kilichosifiwa miaka mingi, kilistaafishwa mwaka 2023 kwa kuwa vivinjari sasa hufanya kazi hiyo vyenyewe, kwa hiyo anayekiorodhesha bado anakusomea ushauri wa zamani.

Wengi, hata hivyo, hawaendi saiba, wana simu. Chrome ya Android haipokei viendelezi, Firefox inapokea. Asiyetaka kuhama afungue mipangilio ya mtandao, sehemu ya DNS ya faragha, iliyopo tangu Android 9, aandike dns.quad9.net, anwani ya huduma ya DNS ya Quad9. Anwani nyingi zinazojulikana kuwa za walaghai zitakataliwa, na Quad9 haitauona ukurasa wenyewe, jina la tovuti tu.